Kipimo cha malale cha dakika 15 kinaona nini hasa?

Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba Kenya imetokomeza malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na nzi aitwaye mbung'o, kama tatizo la afya ya umma. Habari ilikuwa njema na ilistahili kushangiliwa. Hata hivyo, kila malale yanapotajwa, mambo kadhaa huchanganywa. Wapo wanaoelewa kwamba vimelea vimekwisha kabisa porini. Wapo waliosikia kwamba kuna kipimo cha damu kinachotoa jibu ndani ya dakika 15, wakauliza mbona zahanati iliyo jirani na hifadhi haina hata kimoja. Na wapo, hasa upande wa Kongo na kaskazini magharibi mwa Uganda, wanaopimwa, wanaambiwa "chanya", na kuanza kujiandalia msiba.

Swali la zahanati ndilo lililonisukuma kuandika, kwa sababu jibu lake huwashangaza wengi: kipimo hicho hakikutengenezwa kwa ajili ya malale ya Afrika Mashariki. Mtu aliyeambukizwa Serengeti anaweza kupimwa nacho mara tatu na kuambiwa mara tatu kwamba hana kitu, huku vimelea vikiogelea ndani ya damu yake.

Kuhusu neno "kutokomeza", lina kipimo chake. WHO hutoa cheti hicho pale ambapo kila wilaya yenye historia ya ugonjwa imekuwa na wastani wa mgonjwa chini ya mmoja kwa kila watu 10,000 kwa mwaka, kwa miaka mitano mfululizo. Kenya ilifika mbali zaidi ya hapo: mara ya mwisho kupata mgonjwa aliyeambukizwa nchini na kugundulika nchini ilikuwa 2009. Lakini mbung'o wapo, wanyama wapo, na mpaka hauzuii nzi.

Jina moja, magonjwa mawili

Malale huletwa na tripanosoma, kimelea cha seli moja chenye umbo jembamba la kunyongorota kama mkunga. Huingia mwilini mtu anapoumwa na mbung'o, nzi ambaye sehemu nyingine huitwa ndorobo. Ugonjwa hauambukizwi kwa kushikana mikono wala kula sahani moja. Mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni, lakini njia kuu ni nzi. Wala si kila mbung'o anao vimelea. Hata katika mapori yenye ugonjwa, nzi wanaobeba vimelea vya malale ni wachache sana, kwa hiyo kuumwa na mbung'o si sawa na kuugua.

Sasa, chini ya jina hilo moja kuna magonjwa mawili. Aina ya kwanza, gambiense, iko Afrika Magharibi na ya Kati, na ndiyo inayochukua zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wanaoripotiwa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake ina zaidi ya nusu yao. Huenda polepole mno: mtu anaweza kukaa nayo miezi, hata miaka, akilima na kusafiri, bila kujua. Aina ya pili, rhodesiense, iko Tanzania, Malawi, Zambia na nchi nyingine za mashariki na kusini. Maskani yake hasa ni wanyama, wa porini kama pongo na wa kufugwa kama ng'ombe. Binadamu anaingia katika mzunguko huo kwa bahati mbaya, anapopita mahali ambapo nzi na mnyama wanaishi pamoja. Hii haina subira. Ndani ya wiki chache mtu yuko hoi, na asipotibiwa anaweza kufa ndani ya miezi sita.

Uganda ndiyo nchi yenye aina zote mbili: gambiense upande wa West Nile, rhodesiense upande wa Busoga na kupanda kuelekea Lango. Hapo ndipo mtu anaweza kuona vizuri kwa nini kuuliza "unatoka wapi?" ni sehemu ya uchunguzi, tena sehemu ya kwanza.

Jina la Kiswahili nalo linapotosha kidogo. Malale yanatukumbusha usingizi, na kweli katika hatua ya pili, vimelea vikishaingia kwenye ubongo, mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, tabia hubadilika, mwendo huyumba, fikra huchanganyika. Lakini hiyo ni hatua ya kuchelewa. Hatua ya kwanza ni homa inayokuja na kuondoka, kichwa, viungo, kuwashwa, pengine tezi zilizovimba nyuma ya shingo. Yaani inafanana na malaria, na mgonjwa hupewa dawa ya malaria, tena na tena. Anayengoja usingizi ndipo ashuku malale amechelewa.

Mwizi na yowe

Njia ya uhakika ya kujua kama mtu ana malale ni kumwona mdudu mwenyewe, yaani kimelea, kwa hadubini. Kwa gambiense hilo ni kazi ngumu kuliko linavyosikika, kwa sababu vimelea katika damu huwa vichache kiasi kwamba mtaalamu wa maabara anaweza kuangalia slaidi moja baada ya nyingine asione hata kimoja. Huwezi kufanya hivyo kwa kijiji kizima. Ndiyo maana watafiti walitafuta njia ya kuchuja watu kwanza, ili hadubini itumike kwa wachache wanaoshukiwa.

Njia hiyo inapita kwa kingamwili. Hizi ni protini ambazo mwili hutengeneza unapovamiwa, kila moja ikiwa na umbo la kumshika mvamizi fulani. Fikiria kijiji kilichovamiwa usiku. Mtu anapiga yowe, majirani wanatoka na marungu. Wewe uliye ng'ambo ya mto humwoni mwizi, unasikia yowe tu. Kingamwili ni lile yowe, na kipimo cha haraka cha malale ni sikio. Hakimtafuti mwizi. Kinasikiliza kama kijiji kimepiga kelele.

Ukilishika hilo, karibu kila utata unaofuata unajifungua wenyewe. Yowe linaweza kupigwa kwa sababu ya fisi aliyepita. Linaweza kuendelea wakati mwizi ameshakimbia. Na mwizi anaweza kuwa ndani ya nyumba kabla hata mtu mmoja hajaamka.

Kipimo chenyewe ni kikasha kidogo cha plastiki chenye ukanda wa karatasi ndani, kinachofanana sana na kile cha malaria. Mhudumu anakuchoma kidole, anaweka tone la damu, anaongeza matone ya kimiminika, na damu inapanda kwenye karatasi kama maji yanavyopanda kwenye utambi. Njiani imebandikwa vipande vya koti la kimelea. Kama damu yako ina kingamwili za koti hilo, zitanasa hapo na mstari wa rangi utajitokeza. Mstari mwingine mwishoni huonyesha tu kwamba kipimo kimefanya kazi; usipotokea, matokeo hayana maana yoyote na kipimo kinarudiwa.

Nimesema koti kwa makusudi. Tripanosoma huvaa koti la protini mwili mzima, na kila mwili wa mtu unapojifunza kulitambua, baadhi ya vimelea huwa vimeshalivua na kuvaa jingine. Vina akiba kubwa ya makoti. Ndiyo sababu homa hupanda na kushuka, na ndiyo sababu hadi leo hakuna chanjo. Bahati ni kwamba gambiense ina makoti machache ambayo karibu vimelea vyote huyavaa wakati fulani wa maambukizi, na mwili hukumbuka. Vipimo vimejengwa juu ya makoti hayo. Rhodesiense haina koti la pamoja la kutegemewa namna hiyo, na kipimo kilichofunzwa makoti ya gambiense hakiwezi kulisikia yowe lake.

Wazo la kutafuta kingamwili si la jana. Tangu mwaka 1978 kulikuwa na kipimo cha kadi, ambapo damu ilichanganywa na vimelea vilivyokaushwa na kutiwa rangi. Vikigandana, mtu alishukiwa. Kilifanya kazi kubwa sana. Timu za kutembea zilikipeleka kijiji hadi kijiji na kuwapanga watu mstari. Lakini vichupa vyake vilihitaji ubaridi, kadi ilihitaji mashine ya umeme ya kuizungusha, na kichupa kikishafunguliwa kilikuwa cha watu hamsini. Akija mgonjwa mmoja Jumanne kwenye kituo cha afya, nani angefungua chupa ya watu hamsini kwa ajili yake?

Vipimo vya haraka vilipoanza kupatikana miaka ya 2010, badiliko kubwa lilikuwa hapo, na kwa maoni yangu halisifiwi vya kutosha. Kila kimoja kimefungwa peke yake, kinavumilia joto hadi nyuzi 40, hakitaki umeme. Muuguzi wa kituo kidogo anaweza kumpima mtu mmoja siku hiyohiyo aliyokuja na homa isiyoisha. Ugonjwa uliokuwa ukifuatwa na gari la timu mara moja kwa mwaka, au miaka kadhaa, ukawa unaweza kushukiwa siku yoyote.

Chanya isiyo hukumu

Hapa ndipo watu huumia bure, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua eneo lenye watu 10,000. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kipimo hakimkosi mgonjwa hata mmoja, lakini kati ya kila watu 100 wasio na ugonjwa kinamtaja mmoja kimakosa. Hicho ni kipimo kizuri. Wengi wangefurahi kuwa nacho.

Kama eneo hilo lina mlipuko mkubwa, wagonjwa 200, kipimo kitawanasa wote 200. Katika watu 9,800 waliobaki kitawataja kimakosa watu 98. Jumla ya waliopata mstari ni 298, na theluthi mbili yao wanaumwa kweli. Ukiambiwa chanya mahali hapo, una sababu ya kuogopa.

Sasa rudi eneo lilelile miaka kumi baadaye, kazi nzuri imefanyika, wagonjwa wamebaki wawili. Kipimo kinawanasa wote wawili. Lakini wazima sasa ni 9,998, na mmoja katika kila mia ni kama watu 100. Waliopata mstari ni 102, na wanaoumwa ni wawili tu. Mia moja wengine hawana malale.

Kikasha ni kilekile na tone ni lilelile. Kilichobadilika ni idadi ya wagonjwa waliobaki, na kwa sababu hiyo pekee chanya imebadilika maana. Na hali halisi leo inafanana na mfano wa pili. Mwaka 1998 wagonjwa walioripotiwa barani walikaribia 40,000. Tangu 2018 wamekuwa chini ya 1,000 kwa mwaka. Kadiri tunavyoushinda ugonjwa, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya machanya inavyokuwa ya uongo. Mtu asiyelielewa hili atasema kipimo kimeharibika, au wahudumu wanadanganya. Hakuna kilichoharibika.

Hao mia moja wamepigiwa yowe na nini? Wengine wameumwa na mbung'o waliobeba tripanosoma za wanyama, zile zinazowadhoofisha ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana lakini haziwezi kuishi ndani ya binadamu. Mwili uliziona, ukapiga kelele, mambo yakaisha. Wengine wana kingamwili za ugonjwa mwingine kabisa ambazo zinafanana kidogo na hizi. Na wengine waliwahi kuugua malale, wakatibiwa, wakapona.

Kundi hili la mwisho linahitaji kuambiwa waziwazi: kingamwili hukaa mwilini muda mrefu baada ya dawa, mara nyingi miaka. Mtu aliyepona akipimwa tena, mstari unaweza kutokea. Hiyo haimaanishi dawa imeshindwa wala kwamba karogwa upya. Kipimo hiki hakifai kabisa kuangalia kama mtu amepona. Kazi hiyo inataka uchunguzi wa kumtafuta mdudu mwenyewe.

Baada ya mstari kutokea

Kinachofuata ni kumtafuta mwizi. Kama tezi za shingo zimevimba, sindano nyembamba huvuta majimaji kidogo na kuyaangalia kwa hadubini papo hapo. Damu nayo huchujwa na kuzungushwa kwa kasi ili vimelea vichache vikusanyike mahali pamoja, kama mtu anayepepeta ungo apate punje tatu kwenye pumba nyingi. Vikipatikana, jibu limepatikana.

Visipopatikana, mtu hubaki mshukiwa. Matone ya damu yake yanaweza kukaushwa kwenye karatasi na kutumwa maabara kubwa ya rufaa, ambako vimelea hai huwekwa pamoja na majimaji ya damu yake. Kingamwili za kweli za gambiense huvipasua, za bandia huviacha. Yeye mwenyewe huombwa arudi baada ya muda apimwe tena. Najua kusubiri huko kunachosha. Ni kugumu kumweleza mtu kwamba "hatujaona kitu, lakini rudi".

Kwa nini asipewe dawa tu, yaishe? Kwa miaka mingi swali hilo lilikuwa na jibu la kutisha. Dawa ya hatua ya pili iliitwa melasoproli, iliyotengenezwa kutokana na sumu ya aseniki, na karibu wagonjwa 5 katika kila 100 waliopewa walikufa kwa dawa yenyewe. Huwezi kumpa mtu dawa hiyo kwa sababu ya mstari kwenye karatasi. Leo hali ni tofauti sana: feksinidazoli, iliyopata kibali cha wataalamu wa Ulaya mwaka 2018 kwa ajili ya gambiense, ni vidonge vinavyomezwa siku kumi pamoja na chakula. Inatibu hatua zote mbili, kwa hiyo wagonjwa wengi hawalazimiki tena kuchomwa sindano ya uti wa mgongo ili kujua kama ubongo umeguswa. Hofu ya sindano hiyo iliwafanya watu wengi kukwepa hata kupimwa damu, na ni haki yao wajue kwamba mambo yamebadilika. Watoto wadogo na wanaoonyesha dalili nzito za ubongo bado huhitaji sindano hiyo.

Kuna dawa nyingine, akoziboroli, inayomezwa mara moja tu, ambayo majaribio yake ya Kongo na Guinea yalitoa matokeo mazuri yaliyochapishwa 2022. Dawa nyepesi kiasi hicho inaleta swali jipya: je, mshukiwa atibiwe hata kama mdudu hajaonekana? Mimi naona ni swali zuri kuwa nalo, baada ya miaka ya aseniki.

Na hasi je?

Hasi nayo ina mipaka. Mwili huchukua wiki kadhaa kutengeneza kingamwili za kutosha, kwa hiyo kumpima mtu siku ya pili baada ya kuumwa na mbung'o hakumsaidii. Na kuna vimelea, vilivyowahi kukutwa Kamerun, ambavyo havina jeni la mojawapo ya makoti yanayotegemewa na vipimo, hivyo vinaweza kupita bila kusikika.

Lakini hasi ya hatari zaidi ni ile ya mtu wa rhodesiense, niliyoanza nayo. Kwake njia ni nyingine, na kwa namna moja ni rahisi zaidi: vimelea vyake hujaa kwenye damu. Tone lilelile linalowekwa kwenye kioo kutafuta malaria linaweza kuvionyesha. Kwa miongo mingi ndivyo wagonjwa wengi walivyogundulika Afrika Mashariki. Mtaalamu wa maabara alikuwa akitafuta malaria, akakutana na tripanosoma.

Hapo pana jambo linaloninyima raha. Vituo vingi sasa hupima malaria kwa kipimo cha haraka, na ni vizuri, kwa sababu kimeokoa maisha mengi. Ila kipimo cha haraka cha malaria hutafuta protini za malaria peke yake. Hakina macho ya kuona kitu kingine. Kadiri hadubini inavyowekwa kabatini, ndivyo ile bahati ya kukutana na tripanosoma inavyopotea. Mchungaji, mrina asali au askari wa wanyamapori anaweza kupimwa malaria akakutwa hana, au akakutwa nayo kweli na kutibiwa, homa ikarudi, na hakuna aliyeangalia kioo. Haya si mambo ya zamani: mwaka 2019 na 2020 wagonjwa wa rhodesiense waliongezeka Malawi, wengi wakitokea karibu na hifadhi ya Vwaza.

Na tangu 2024 WHO inapendekeza feksinidazoli kwa rhodesiense pia, baada ya majaribio yaliyofanyika Malawi na Uganda. Dawa ipo. Kinachosumbua ni kumfikia mgonjwa kabla ubongo haujaguswa, na muda ni wiki chache.

Kwa hiyo aliyetoka mbugani au kwenye pori la mbung'o, kisha akapata homa isiyosikia dawa ya malaria, hasa kama mahali alipoumwa pamevimba na kuwa kidonda, asiombe kipimo cha haraka cha malale. Amwambie mhudumu alikuwa wapi na lini, na aombe damu yake iangaliwe kwa hadubini, ikiwezekana ikiwa bado mbichi. Katika tone bichi vimelea huwa hai na haviachi kutikisika. Anayejua cha kutafuta huona kwanza chembe nyekundu za damu zikisukumwa huku na huku na kitu asichokiona. Akitulia kidogo juu ya lenzi, anakiona chenyewe.